Usimpe Bibi Tito

Milanzi, Sumbawanga

Mama yangu,

Shikamoo. Unaendeleaje, na mgongo wako je, umepungua kuuma tangu ujifungue? Huku juu baridi imeshika kiasi kwamba navaa sweta mbili na bado vidole vinakataa kalamu. Nawaonea wivu ninyi wa bondeni mnaolala bila kujifunika. Mwili wangu mzima, shule naenda.

Mama, nakuomba usome barua hii peke yako kwanza. Na kabla hujaendelea mbele, kama Tito yuko na Bibi, nenda kamchukue. Sema unataka kumnyonyesha. Halafu rudi usome.

Juzi ulipopiga simu ukaniambia huku unacheka kwamba Tito anaharisha na kutoa udenda, na kwamba Bibi amempapasa ufizi akayakuta meno ya plastiki, anasubiri tu umalize kuvuna mpunga ili uwepo wa kumshika akiyang'oa, mimi nilinyamaza. Ukasema, huyu mtoto aibu zake zitamwisha lini. Haikuwa aibu. Simu ilikuwa ya Shangazi, ameiweka sauti ya juu, na yeye amekaa mbele yangu ananiangalia mdomo. Ndiyo maana naandika. Barua nampa mwalimu wetu wa Kiswahili, kesho anashuka Muze kwa wakwe zake. Nimemwomba akupe wewe mkononi, asimpe Baba, maana Baba ataanza kwa kumtetea mama yake.

Deo wa Shangazi hakufa kwa malaria. Mliambiwa hivyo, na sisi wa hapa nyumbani tuliambiwa tuseme hivyo.

Alikuwa anaharisha kama Tito, na joto kidogo usiku. Shangazi hakwenda zahanati, alimpigia simu Bibi. Bibi akapanda huku na kile kitambaa chake cha kijani unachokijua, ambacho ndani yake kuna spoku ya baiskeli aliyoinoa kwenye jiwe mpaka ncha yake ikawa kama sindano. Shangazi alimpakata Deo akambana mikono. Mimi niliambiwa nishike kichwa. Baba Deo alijitolea kushika, Bibi akamkataa, akasema, "Wewe utazimia. Skola ndiye asiye na kelele." Nilifurahi, Mama. Unajua mimi watu huwa hawanichagui kwa jambo lolote.

Sikujua kwamba ufizi unatoa sauti. Ni kama ukibandua punje ya mahindi mabichi kwenye gunzi. Deo alilia mpaka sauti ikamwishia, akabaki kufungua mdomo tu, na kadiri alivyoufungua ndivyo Bibi alivyozidi kumbembeleza, "Vizuri, mume wangu, hivyo hivyo." Alipomaliza akampaka chumvi na majani yake yale, akatuonyesha kiganjani vitu vyeupe vilaini, akasema ona, plastiki tupu. Sisi wote tukainama kuangalia. Shangazi akasema asante mama. Hata mimi nilisema asante.

Kesho yake asubuhi Bibi alishuka zake, kwa sababu huko Muze kulikuwa na mtoto mwingine anamsubiri.

Deo hakunyonya tena. Damu ilikuwa inachuruzika kidogo kidogo naye anaimeza, kwa hiyo mdomoni hatukuiona, tukaja kuiona kwenye nepi. Uso ukavimba upande mmoja mpaka jicho likafunga. Shangazi akasema ni ugonjwa unatoka. Baba Deo alipomkunjua vidole akakuta viganja vyeupe kama unga ndipo tukampeleka hospitali, pale mapokezi ya dharura.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mnene, hana haraka. Aliuliza mtoto amepatwa na nini, Shangazi akajibu ameanguka.

"Ameanguka kwenye spoku?"

Akamfunua Deo mdomo mbele ya benchi zima ili kila mtu aone. Akasema yale hayakuwa plastiki, yalikuwa meno yake ya kweli, chonge zake, ambazo muda wake wa kuota ulikuwa bado. Akasema mtoto alikuwa na kuhara tu, kuhara kunakotibiwa kwa yale maji ya chumvi na sukari ambayo zahanati yoyote wanayo. "Nyumbani mnawachokonoa, kwetu mnawaleta tuwafunge sanda," akasema. Mama mmoja pale benchini akanong'ona kwamba wa kwake alitolewa na akapona. Muuguzi akamsikia. Akamjibu bila hata kugeuka, "Angepona hata ungemng'oa kucha."

Watu wengine walicheka, Mama. Na mimi nilicheka, sijui kwa nini, labda kwa woga. Nikaweka mkono mdomoni kama kawaida yangu. Muuguzi akaniambia nitoe mkono. Akaniinua kidevu, akanigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirishani kama mtu anayenunua mbuzi, akasema, "Na huyu alichokonolewa. Ona, chonge za juu hana, na haya mengine yameota kombo kutafuta nafasi."

Uliniambia nilizaliwa hivi. Tangu darasa la tano shuleni wananiita Geti Wazi. Padri akiuliza swali kwenye mafundisho najua jibu na silisemi, kwa sababu ya kufungua mdomo. Kumbe kuna siku na mimi nilishikwa kichwa, na walioshika walisema asante. Sikuulizi aliyeshika ni nani. Nataka tu ujue kwamba nimejua.

Daktari alikuja na kijana mwanafunzi. Walizungumza Kiingereza juu ya kitanda, wakidhani sisi ni wa shamba tu. Daktari alisema sumu imeshaingia kwenye damu na mwili umeanza kuzima, watajaribu kumwongezea damu lakini wamecheleweshewa sana. Kijana akauliza kama wamwambie mama. Daktari akajibu, acha kwanza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kusema neno lile lile. Walipoondoka Shangazi akanishika mkono.

"Wewe unayesomeshwa Kiingereza, wanasemaje?"

Nikamwambia wanasema tusubiri.

Akasema Mungu mkubwa. Akafungua kanga akatoa chapati, akaikata, akanipa kipande kikubwa, akasema nile nipate nguvu maana tutakaa sana. Nilikuwa bado natafuna muuguzi aliporudi. Safari hii hakusema neno la kutuumiza. Alimkalisha Shangazi chini, na mimi nikajua.

Njiani kurudi Shangazi alituweka sawa. Alisema mama yake, yaani Bibi, ana presha, akiambiwa ukweli ataanguka, kwa hiyo ni malaria. Baba Deo aliinamisha kichwa akakubali. Nami nilikubali, Mama, kwa sababu Bibi nampenda. Ndiye aliyenifundisha kupepeta ulezi.

Ila ulimwona Bibi aliporudi kutoka msibani? Alikuambia alichofanya? Tulikuwa bado tumekaa kwenye majamvi, siku ya pili baada ya kuzika. Jirani yetu, binti mmoja mwenye mtoto wa kwanza, akaja kumpa pole, halafu akamwekea mtoto mapajani akamwambia anaharisha. Bibi akafuta machozi ya kumlilia Deo kwa kidole, akakiingiza kidole hicho hicho kinywani mwa yule mtoto. Akapapasa. Akasema yapo, mlete kesho. Shangazi alikuwa amesimama pale na birika la chai. Aliona. Akaendelea kumimina.

Jioni hiyo nilimfuata yule binti bombani. Sikumbuki nilianzaje. Nilimwambia Deo alikufa kwa nini. Akanitukana, kwamba mtoto sina adabu, namsingizia bibi yangu na msiba haujapoa. Akaenda kumwambia Shangazi, na Shangazi akanipiga kofi mbele ya wafiwa. Sikio bado linavuma upande ule. Lakini mtoto kesho yake hakuletwa, Mama. Leo nimemwona mgongoni kwa mama yake anafyonza muwa.

Kwa hiyo inawezekana. Mpeleke Tito zahanati, wakupe dawa ya kuharisha, umpe na maji. Ufizi wake usiguswe. Bibi akisema atakufa usipomtoa, mwambie Deo alitolewa.

Nisalimie Baba, mwambie namheshimu na nasoma kwa bidii. Nisalimie dada yangu aliyeolewa kule ng'ambo ya mto, naye akijifungua nitamwandikia. Nisalimie katekista wetu na mama mlezi wetu wa kwaya.

Bibi hajui kusoma, kwa hiyo salamu zake msomee wewe, Baba akiwepo, na usiruke neno:

Bibi, shikamoo. Ni mimi mjukuu wako Skola, asiye na kelele. Deo hakuwa na malaria. Ulimuua wewe, kwa mkono wako, na mimi nikiwa nimemshika kichwa. Wanao wanakuficha kwa sababu wanakupenda. Mimi pia nakupenda. Tito usimguse.

Mama, akianguka mdake. Lakini kwanza hakikisha hajampakata Tito.

Ni mimi mwanao,
Skolastika