Kuku Hasemi Uongo

Baraka, tarehe 14 Oktoba 2024

Kwako ndugu yangu Nimbona, huko Swima,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na shemeji Kaneza, pamoja na wajukuu ambao nasikia wameijaza nyumba. Mguu wako unasemaje mvua hizi zilipoanza? Mimi bado napumua, ila kwa kuomba ruhusa. Daktari anasema moyo umevimba, na miguu nayo imevimba kuufuata. Barua hii leo ni siku ya tatu naiandika, mistari michache kila asubuhi, kabla mkono haujachoka. Binti yangu Chérie alitaka kuniandikia, nikakataa. Utaona kwa nini.

Najua Marie-Goreth, yule binti wa Uvira mwenye kamera, alifika kwako kabla ya kufika kwangu. Alikwambia kama alivyoniambia, kwamba filamu yake inahusu wachezaji wakubwa wa ukingo wa ziwa na jinsi walivyoishia. Filamu za namna hiyo nazijua. Tangu nilale kitandani Chérie hunionyesha katika simu yake. Bondia aliyekuwa akiangusha wanaume wenzake kama migomba, leo kijiko kinamshinda. Mkimbiaji wa medali tatu anapandishwa ngazi na mkewe. Chérie hulia. Mimi nilikuwa namwambia aweke nyingine. Nilipenda kuwaona wakishuka, ndugu yangu. Kisha nikagundua kwamba hata huko kushuka kwao nakuonea wivu, maana hakuna anayetengeneza filamu ya kushuka kwa mtu ambaye hakupanda.

Siku ya Marie-Goreth nilivaa koti la Pasaka. Nilidhani ataniuliza habari za miaka thelathini na minne ya ualimu, au angalau lile bao langu moja dhidi ya Lweba. Alikaa saa mbili nzima, na maswali yote yalikuwa wewe. Nimbona alipigaje mpira kwa mguu wa kushoto? Nimbona alikuwa mtu wa namna gani? Hata maji ya kunywa aliniomba macho yake yakiwa kwenye picha ya timu ukutani, ile ambayo nusu ya uso wangu imefunikwa na bega lako.

Wivu huo ni wa zamani. Kabla wazazi wako hawajafika hapa wakikimbia vita vya Burundi, namba kumi na moja ilikuwa yangu. Ukaja na miaka kumi na saba, bila viatu, na jioni ile ile ya kwanza ukanipita mara nne. Kocha Élie akanipa jezi ya akiba, akasema eti nina kichwa kizuri, nitafaa kuandika majina ya wachezaji. Bamama wa soko wakaanza kukuita, "We Kushoto, kuya hapa, ndakala yako iko!" na kukufungia samaki katika jani. Nilipopita mimi waliuliza, "Mwalimu, Kushoto iko wapi?" Nilicheka pamoja nao. Nilikuwa rafiki yako kweli, nawe ulinipenda. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Unakumbuka Julai ya 1979, mfupa wako wa muundi ulipopasuka mazoezini, wiki tatu kabla ya fainali na Uvira. Tulikupeleka kwa mzee Twagirayezu, mwunga mifupa wa Bibokoboko, aliyekuwa akishuka na ng'ombe wake siku za soko. Desturi yake unaijua, lakini naiandika kwa ajili ya wajukuu wako. Alikufunga mguu kwa vijiti na dawa, kisha akachukua kuku, akamvunja mguu ule ule wa kushoto, akamfunga vile vile, na juu ya mguu mwingine wa kuku akafunga kipande cha kitenge ili asichanganywe. Siku kuku atakapotembea bila kuchechemea, ndiyo siku ya kukufungua. Na kuku halindwi na ndugu wa mgonjwa, maana ndugu huharakisha kwa huruma. Hulindwa na rafiki. Ukanitaja mimi.

Kila asubuhi uliniuliza, "Kapiteni ameamkaje?" Timu nzima ilimwita Kapiteni. Élie alikuja na mahindi, akimbembeleza kuku kama mtoto, wachezaji wakimcheka kwamba sasa anafundisha kuku. Siku hizo hizo habari zikafika kwamba mtu wa klabu moja ya Lubumbashi atakuja kutazama fainali, na anakuja kwa ajili yako. Nilijiambia, akicheza mguu ukiwa mbichi, atacheza ovyo, na mgeni ataondoka bila yeye. Nilitaka uaibike tu. Nimerudia sentensi hiyo miaka arobaini na mitano, na haijawahi kunitosha.

Siku ya kumi na sita nilikata kipande kingine cha kitenge kile kile, nikamfunga kuku mzima wa rangi ile ile. Mwenye mguu mbovu nilimpeleka Lweba kwa shangazi yangu, ndani ya kikapu, na kitenge chake mguuni. Kisha nikaja uwanjani na kumwachia yule mzima mbele ya watu wote. Alikimbia. Wachezaji wakapiga kelele, wakakuinua mabegani. Mzee Twagirayezu alikuwa amesimama na fimbo yake. Akasema tangu ameanza kazi hii hajaona kuku wa haraka namna hii. Akanyoosha mkono amshike apapase mfupa, lakini kuku alishapotea katika vurugu ya watu. Akanitazama mimi, si wewe. Kisha akasema, basi, kuku hasemi uongo, na akakufungua.

Dakika ya kumi na mbili ya fainali nilisikia ule mfupa kutoka kwenye benchi la akiba. Ulilia kama mti mkavu wa muhogo. Élie akaniita niingie badala yako. Nikaingia, ndugu yangu. Nikacheza mpaka mwisho.

Hukucheza tena. Watu wakasema mzee wa mlimani alikuroga, wakamtupia mawe sokoni, akapanda Bibokoboko na hakushuka tena mpaka alipozikwa. Mimi nilikuwapo sokoni. Sikurusha jiwe, wala sikusema neno.

Sasa sikia lililo baya zaidi, maana hili si la ujana. Marie-Goreth aliponiuliza kilichokuvunja, nilitazama kamera nikasema ni kiburi chako, kwamba ulijifungua mwenyewe kabla ya siku ili Lubumbashi wakuone. Filamu itaonyeshwa hapa Baraka mwezi ujao, wajukuu wako wakiwa wamekaa mstari wa mbele. Usiku huo sikulala kwa aibu.

Kesho yake niliamua kumwita arudi, nikiri mbele ya kamera yake. Nikamwagiza Chérie anipigie pasi shati jeupe. Akaniuliza, "Papa, na koti?" Nikasema ndiyo, na koti, na kioo aniletee. Nilipojiona katika kile kioo nikijichana, nikaelewa. Hata toba yangu nilitaka iwe njia ya kuingia katika filamu yako, uso mzima safari hii.

Kwa hiyo sikumwita. Nilimpigia simu nikamwambia tu kwamba nilichosema juu yako ni uongo, akiondoe. Amekubali, lakini aliniuliza ukweli ni upi. Nikamjibu kwamba ukweli ni mali yako, na kwamba Alhamisi aende kwako Swima. Barua hii Chérie atakuwa ameifikisha kabla yake. Isome mbele ya kamera, au ichome, au simulia kwa maneno yako bila kunitaja. Jina la mzee Twagirayezu tu nakuomba ulisafishe. Langu fanya upendavyo.

Ndani ya bahasha utakuta kile kipande cha kitenge. Nilikifungua mwenyewe kule Lweba, Jumapili ya tarehe 26 Agosti, wiki tatu baada ya fainali, siku kuku wa kweli alipovuka ua wa shangazi bila kuchechemea. Alipona kabisa, Nimbona.

Msalimie shemeji Kaneza. Uwabariki wajukuu kwa mkono wako, maana wangu sithubutu kuunyoosha. Sikuombi unijibu.

Ni mimi, uliyenikabidhi kuku wako,
Mwalimu Alphonse Wilondja