Miche Mia Mbili Kando ya Chemchemi

Keza, 14 Oktoba 2023

Mdogo wangu Yohanes,

Hujambo huko Biharamulo? Anneth na watoto wanaendeleaje? Mimi mzima, ila goti linanisumbua nikipanda na ndoo. Naandika kwa sababu simu unaikata kila nikifika kwenye hoja. Karatasi huwezi kuikata.

Jirani yetu Matiasi kaleta ujumbe wako kwamba unataka kufyeka kichaka cha marehemu baba, kwenye sehemu yako ya mpaka, ili upande mikaratusi uuze nguzo. Fundi seremala mzima, hujui mkaratusi unavyokunywa maji? Na chemchemi iko hatua ishirini tu! Ulijionea Lukole ilivyobaki upara miaka ile ya kambi. Wakimbizi siwalaumu, mwenye njaa lazima apike. Wewe una udhuru gani?

Kichaka hicho kinanilisha. Mizinga yangu iko upande wangu, lakini nyuki hawajui mpaka, wanachuma kwako. Mvua ikianza uyoga unaota chini ya mikuyu, naupeleka sokoni Mbuba. Kahawa yangu ya kivulini haikuungua na jua mwaka jana. Ya majirani iliungua. Nionyeshe mkaratusi unaofanya hayo yote.

Nyumba ni kimya sana siku hizi. Hiyo si hoja, nakueleza tu.

Dada yako,
Clotilda

Biharamulo, 2 Novemba 2023

Shikamoo dada,

Tuko salama. Anneth anakusalimu, anauliza kama goti umelipeleka hospitali au umeligombeza tu likaogopa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umenisahihisha kama daftari la darasa la nne, lakini hukuniuliza kwa nini. Dada, mgongo wangu umeanza kukataa randa. Nilitaka niwe na kitu changu kinachoota nyumbani, ili siku nikirudi nisiwe mgeni kwenye mizinga yako.

Basi, kichaka sifyeki. Nimemwagiza Matiasi apande miche mia mbili ya mikaratusi pale kwangu penye uwazi, kando ya chemchemi. Ikikukera niandikie, tuzungumze. Usiiguse kabla.

Mdogo wako,
Yohanes

Keza, 26 Novemba 2023

Yohanes,

Salamu kwanza, nisije nikaitwa mshenzi. Hamjambo? Mimi mzima.

Nimeing'oa. Yote mia mbili, leo baada ya misa, nikiwa bado na gauni la kanisani. Jirani Francisca alikuwa anateka maji, akapiga kelele: "We Clotilda! Unang'oa cha mwenzio? Unamfukuza mdogo wako?" Nikamjibu, "Namfukuza mkaratusi." Akaacha ndoo, akaondoka.

Najua. Kwetu, kung'oa alichopanda ndugu ng'ambo ya minyaa ya mpaka ni kumtangazia kwamba hana kwao tena. Nimekulia hapa, sihitaji kufundishwa. Lakini mila hiyo ilitungwa watu wakipanda migomba na maharage. Maji yale yananywewa na kaya kumi na tisa, na hakuna aliyeziuliza.

Nimepanda mikuyu michanga badala yake. Njoo Krismasi uione, ukasirike, kisha ule. Nitachinja jogoo.

Dada yako,
Clotilda

Keza, 3 Machi 2024

Mdogo wangu,

Hamjambo? Mimi nipo. Jogoo nilimla peke yangu, siku tatu. Simu yako inaita tu. Andika, hata matusi.

Dada yako,
Clotilda

Biharamulo, 9 Juni 2024

Shikamoo dada,

Tunaendelea vizuri. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na la kubisha. Kuhusu maji ulikuwa sahihi. Nilimuuliza bwana misitu hapa, akasema yaleyale. Ungeniandikia, ningekuja kuing'oa kwa mikono yangu mwenyewe. Ukaing'oa wewe. Watu wa Keza wanaoishi huku walikuja kunipa pole kama mfiwa.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya kukupa sehemu yangu yote. Nimeshasaini, na mashahidi wawili. Imebaki sahihi yako na muhuri wa kijiji. Kichaka ni chako, hakuna atakayekigusa. Sisi tumepata kiwanja hapa, Anneth ameshapanda migomba. Sina hasira, dada. Nimechoka tu kubishana kuhusu mahali ambapo sipo.

Yohanes

Keza, 30 Juni 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Anneth hajambo? Migomba yake imeshika?

Maisha yangu yote sijawahi kushinda ubishi kama huu. Nimekizunguka kichaka chote kwa miguu, sikupata mtu wa kumwambia nimeshinda. Nikarudi ndani, nikakaa na kandambili zenye matope.

Kuhusu mkaratusi sirudi nyuma hata kidogo. Lakini uliniambia unataka kitu chako kinachoota nyumbani, na mimi nikasoma neno moja tu, mkaratusi. Miaka thelathini nimefundisha watoto kusoma! Hilo ndilo kosa langu, nimelitamka mbele ya Francisca, na yeye halisahau jambo.

Mwenyekiti alinisubiri ofisini na muhuri wake. Nikamwambia aende akanywe chai. Karatasi yako nairudisha, nafasi ya sahihi yangu iko tupu, na itabaki hivyo.

Wiki iliyopita nilitundika mizinga mipya minne ng'ambo ya minyaa, kwako. Nimeandika jina lako kwa rangi nyeupe. Miwili imeshaingiwa na nyuki. Mwakani itakuwa imejaa, na mimi siigusi. Usipokuja kuvuna wewe, basi asali itabaki humo humo.

Dada yako,
Clotilda