Chupa Namba Nne

Shoga, nimemuumbua bosi mbele ya maabara nzima!

Unakijua kile kimeng'enya cha uvimbe tunachokipima, kinachogeuza protini za mwili hadi kingamwili zinaziona adui na kushambulia viungo, hasa vya vidole? Damu ya wagonjwa ilionyesha hivyohivyo. Lakini chupa namba nne, ya mtu mzima asiyeumwa, ikawapita wote kwa kimeng'enya hicho.

Akanifokea. Eti nimechafua sampuli! Eti niache maabara nikafue nguo! Mimi! Miaka tisa kazini!

Nikamwambia, "Nimerudia mara tatu. Na namba nne ni damu yako, bosi. Ulijitolea mwenyewe, ukajiandika mzima."

Hata samahani hakuna, mshenzi yule. Akaficha vidole mfukoni.

Shoga, mwezi mzima namfungulia vizibo vya chupa. Nilidhani ni maringo.