Vinundu vya Kamanda

Jumatatu, 7 Julai
Ghala wazi saa moja. Baridi ya Iyunga haina adabu. Mchele wa Ubaruku umefika, mkavu, safi. Kamanda amekula ugali na dagaa, akajilaza mlangoni. Mbwa jike mwenye jina la dume. Nilimpa mwenyewe na silijutii. Miaka minane analinda mali yangu na sijawahi kumgusa ila kwa mti wa ufagio. Udhu wangu kwanza; kwetu mate ya mbwa ni najisi. Tunaelewana.
Leo ana uvimbe ubavuni. Yai la kuku kabisa. Sijaupenda.

Jumatano, 9 Julai
Mama Atu, jirani muuza ndizi, ana dawa ya kila kitu. "Wewe mpake oil chafu ya gari, Mama Salma. Hata sisi mbwa zetu tunazipakaga." Nimempaka kwa brashi ya rangi, nimesimama mbali. Nimejiona daktari.

Jumapili, 13 Julai
Uvimbe uko palepale. Kamanda amejilamba oil, ametapika mara mbili. Kosa langu, la Mama Atu nusu. Nimemwosha kwa sabuni ya mche na brashi ndefu. Nimempigia daktari wa mifugo.

Jumanne, 15 Julai
Daktari amekuja. Binti wa Kihehe kutoka Iringa, mikono mepesi. Ameubonyeza ule uvimbe: laini, unateleza chini ya ngozi. Akachoma sindano, akavuta. "Haya ni mafuta tu, mama. Huu tutauangalia." Nikaanza kutabasamu. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumringia Mama Atu.
Vidole vyake vikaendelea tumboni. Vikasimama kwenye chuchu ya mwisho. Kinundu kidogo, punje ya mahindi, kigumu, kimeng'ang'ania.
"Hiki ndicho kinanitia wasiwasi. Kimeanza lini?"
Sijui. Hakionekani kwa macho. Ningekijua kwa mkono, na mkono wangu sikuwahi kuuleta. Nimeona aibu mbele ya binti mdogo kuliko mwanangu.
Amesema kinundu kigumu, kilichoshika, kinachokua au kutoka kidonda, kisisubiriwe hata wiki. Upasuaji keshokutwa.

Alhamisi, 17 Julai
Wamekitoa. Kimepelekwa maabara. Kamanda amelala kwenye gunia, nyuzi tumboni, hajabweka kutwa nzima. Mteja ameingia hadi ndani na hakuna aliyemzuia. Nimeogopa kumpoteza. Nimemwombea. Sijui kama mbwa anaombewa. Nimeomba tu.

Ijumaa, 1 Agosti
Majibu. Kilikuwa kibaya. Kimetoka chote, kimewahiwa. Nimekaa chini kwenye magunia nikalia, mteja akadhani nimefiwa. Daktari anasema kinaweza kurudi. Apapaswe kila wiki, mwili mzima. Nikauliza kama naweza kumlipa mtu. Akacheka kidogo. "Anakuamini wewe, mama."

Jumapili, 3 Agosti
Jua zuri. Nimeweka ndoo ya maji na bakuli la udongo karibu na mlango. Nimekunja mikono ya gauni. Kamanda ameutazama ufagio, kisha mimi, akasubiri.
Shingo. Kwapa. Ubavuni, yale mafuta yake, laini vilevile. Tumboni chuchu moja moja hadi ya mwisho. Kovu tu. Sikujua kwamba ana joto hivi. Akanilamba kiganja, chote, taratibu.
Nimenawa mara saba, ya kwanza kwa udongo, kama dini inavyoagiza. Kabla ya kunawa nimekaa naye kidogo.