Baba Mtu Kaenda Benki Kutoa

Mwenzangu, uko hapo? Mbavu zinaniuma kwa kicheko, na aibu bado ninayo.

Unakumbuka mwanangu seremala alivyojigamba kwamba binti yake kapata kazi benki? "Nimesomesha, sasa zamu yangu kula!" Leo kanivuta twende tukamwombe binti mabati ya nyumba.

Kumbe ni benki ya damu! Mjukuu wangu alisema yote kwenye simu, baba mtu akaishia kusikia "benki".

Muuguzi akamuuliza kwa upole, "Baba, umekuja kutoa?"

Kutoa, mwenzangu! Naye kifua mbele, "Ndiyo, kutoa! Tena nyingi!"

Wakampigia makofi. Wakampima presha, akadhani ndiyo benki za siku hizi. Wakamlaza.

Alipoona sindano: "Mama! Wananinyonya!"

Mjukuu wangu akaja mbio, akamfuta jasho. "Baba, inuka tu, hulazimiki."

Wenzake wakashangaa, "Kumbe huyu ndiye baba yako? Hongera, mzee, umetulelea mtu!"

Basi akalala tena, akanyoosha mkono. "Toa, mwanangu."

Mabati hatukupata. Lakini njia nzima kakunja mkono wa shati ili plasta ionekane: "Kanidunga binti yangu mwenyewe. Sikusikia hata kidogo!"