Mkanda wa Karani

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la sponji kimekuachia kifua. Huku hatujambo. Mama anakula vizuri, na juzi alinifokea kwa kuanika mashuka upande wa kivuli, kwa hiyo ujue nguvu zinamrudia. Karani bado anachechemea, lakini anabweka kama zamani. Mayai yananunuliwa. Mimi mwenyewe sina homa wala maumivu, ila situlii. Tangu asubuhi nimefagia uwanja mara mbili, na hata sasa naandika nimesimama, karatasi iko juu ya friji.

Utajiuliza kwa nini nimekuandikia wakati tunaongea kwa simu kila Jumapili. Ni kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Kila nikigusia ile ajali unanituliza, unasema la kuvunda halina ubani, yamekwisha, na mimi nakubali upesi kuliko inavyofaa. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Nakuomba uisome hadi chini kabla hujashika simu.

Alhamisi wifi alinipigia. Usimkasirikie, mke akiona mume wake anakaa karakana kutwa nzima bila kushona, atamwambia nani kama si sisi? Alisema umeshusha kibao cha fundi viti kilichokuwa mlangoni. Alisema umewafuata watu wote waliokuwa wamenunua mikanda ya mbwa kwako, hata yule mwalimu mwenye mbwa wawili, ukaichukua mikanda yao na kuikata vipande. Kisha akanieleza habari ya mama mmoja aliyekuja na kiti cha mtoto cha gari, mkanda wake umefumuka upande mmoja. Ulikishika kile kiti, ukakigeuza, ukamrudishia. Ulimwambia mikono yako si ya kuaminiwa. Yule mama akaondoka amempakata mtoto mapajani, kiti kitupu kimetupwa nyuma. Wifi alisema hapo ndipo alipoogopa.

Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa kuku.

Ngoja nianze mbali kidogo. Wewe ndiye uliyemleta Karani hapa nyumbani, akiwa mdogo kama kiatu, baada ya Baba kufariki, ili Mama apate wa kumsemesha. Jina alipewa na majirani, kwa vile hamwachi mtu apite getini mpaka amkague viatu, kama karani anayetafuta muhuri. Akakua, akawa na uzito wa nusu gunia. Ndipo ukapata ile kazi ya kubadilisha viti vya gari lililopata ajali, na mwenye gari akakueleza jinsi mbwa wake alivyoruka kutoka kiti cha nyuma hadi kwenye kioo cha mbele. Uliacha kazi zako zote siku mbili ukamshonea Karani mkanda wa kifuani, mpana, wenye kitambaa laini makwapani ili usimchubue, na kipande kifupi cha kuchomeka kwenye kifungio cha kiti. Ulikuja nao mwenyewe. Ulimvalisha mbele yetu, ukauvuta kwa nguvu zako zote, gari likatikisika. Ukasema, “Mbwa asiyefungwa ni jiwe umelipakia nyuma ya kisogo chako. Siku ukipiga breki, lenyewe halina breki.”

Mama aliyashika maneno hayo kama sala. Kila tulipopanda gari aliyarudia. Wageni walipokuja aliwaonyesha mshono. Nami, kaka, niseme ukweli, yalianza kunichosha. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha Karani, nikimpikia, nikimtoa kupe. Mimi ndiye ninayeamka na kuku, nipange trei, nizifunge kamba kwenye buti, nizungukie maduka kumi na moja kabla jua halijawa kali. Lakini kwa Mama, chakula kikiwa kitamu, kaka yako angekipenda. Mlango ukilia, kaka yako angeutengeneza. Uko mbali, unakuja mara mbili kwa mwaka, na bado ndiwe mwenye nyumba. Sikuwahi kumwambia mtu jambo hili. Nilicheka tu, si unajua mlinibatiza Kiherehere, mtu wa kucheka na kukimbiakimbia.

Siku ile ya ajali tulikuwa tunampeleka Karani kuchanjwa. Yaliyotokea, kama nilivyokusimulia wewe, na wifi, na daktari wa mifugo, na askari wa barabarani, ni haya: kwamba tulikuwa tunateremka ule mteremko wa kiwanda cha matofali, kwamba Karani aliona mbuzi kando ya barabara akajitupa mbele, kwamba mkanda ulikatika, akaniangukia mkononi, usukani ukapinda, tukaingia mtaroni na kugonga ukuta wa kalavati. Karani alirushwa akampiga Mama begani, akavunjika mguu wa mbele. Mama akavunjika bega na kuteguka nyonga. Mimi nilitoka na mchubuko wa kidevu, mkanda wangu umenishika vizuri. Na trei za mayai kule nyuma, ukiacha mayai tisa, zilikuwa nzima. Nilizifunga barabara.

Ulipofika hospitali uliniuliza mara moja tu, mkanda ulikatikia wapi. Nikasema kwenye mshono. Mama alikuwa amelala pale, macho wazi. Aligeuza uso akatazama ukuta. Ukakaa chini kwenye kiti cha wageni ukaangalia mikono yako.

Kaka, mkanda wako haukukatika. Niliufungua mimi.

Karani alikuwa analia tangu tulipotoka. Si kilio cha maumivu, ni kile cha deko, anataka kutoa kichwa dirishani. Nilikuwa nimechelewa maduka mawili, joto limenipanda kichwani, na kile kilio kinanitoboa sikio. Pale kwenye kituo cha mafuta nilisimama, nikageuka nyuma, nikabonyeza kifungio. Mama akaniambia nimfunge, kaka yako alisema. Nikaondoa gari. Akasema tena, kwa upole, kwamba kaka yako alisema. Ndipo nikamjibu neno ambalo tangu siku hiyo nalisikia nikifungua bomba, nikihesabu trei, nikichana nywele. Nilisema, “Kaka hayupo kwenye gari hili.”

Karani akatoa kichwa dirishani, akafurahi. Hazikupita dakika tano tukafika kwenye ule mteremko. Mbuzi alikuwepo kweli, hilo sikudanganya.

Kuna lingine, nalo ni baya zaidi, kwa sababu la kwanza nililifanya kwa hasira na hili nililifanya kwa akili zangu timamu. Wiki ya pili uliniomba nikutumie ule mkanda uone kosa lako lilikuwa wapi, usije ukalirudia kwa mtu mwingine. Nikakuambia nautafuta. Ukaomba tena. Mkanda ulikuwa chumbani kwangu chini ya godoro, mzima, hauna hata uzi uliochomoza. Mchana mmoja Mama akiwa amelala nilikaa kitandani na wembe, nikafumua mshono wako, tundu kwa tundu. Ilinichukua muda mrefu, kaka. Ulikuwa umeushona mara tatu, na kila nilipodhani nimemaliza nilikuta uzi mwingine chini yake. Nilizivuta zile ncha za uzi kwa meno ili zionekane zimechanika. Kisha nikaufunga kwenye mfuko wa nailoni nikaupeleka stendi, na konda akaupokea kama mzigo mwingine wowote.

Ulinijibu kwa ujumbe mfupi: umeupokea, umeona, nikuombee msamaha kwa Mama. Labda wewe, fundi wa miaka ishirini, uliijua alama ya wembe ukaamua kunistahi. Labda uchungu ulikufumba macho. Nimezunguka na swali hilo mpaka nimechoka. Vyovyote iwavyo, ujumbe wako nilimsomea Mama, nikamwombea msamaha kwa niaba yako, nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda chake. Mama alisema amesikia.

Hakuniumbua hata siku moja. Nilidhani ananilinda, na labda ndivyo. Lakini Alhamisi, wifi aliponieleza habari ya kiti cha mtoto, simu ilikuwa kwenye spika na Mama alikuwa pale akichambua mboga kwa mkono mmoja. Wifi alipokata simu, Mama aliweka kisu chini akasema, “Mwanangu, bega langu limeunga. Sasa anayevunjika ni kaka yako, na dawa yake unayo wewe. Mimi nilingoja uitoe mwenyewe.” Hakupandisha sauti. Angenipiga kofi ningeshukuru.

Basi nimeitoa. Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba mambo mawili. Umtafute yule mama wa kiti cha mtoto kabla hajasafiri tena; wifi anamfahamu, anasema anauza vitambaa karibu na shule. Na barua hii usiifiche kwa kunionea haya. Msomee wifi. Msomee na yule mwalimu, na wote uliowachukulia mikanda yao, uwaambie ni mdogo wako aliyedanganya, na kwamba mshono wako uliukataa wembe mchana mzima. Mimi nimeshaanza upande huu. Jana nilimwambia daktari wa mifugo, akavua miwani akaifuta. Kesho naenda kwa askari aliyeandika ile taarifa. Sijui atanifanya nini. Nitakwenda asubuhi baada ya kupeleka mayai, kwa sababu nikikaa nyumbani nitapata sababu ya kutokwenda.

Jumamosi nitapanda basi nije kwako, kama hutanikataza. Ukinikataza nitaelewa, lakini nitakuja Jumamosi inayofuata.

Nisalimie wifi sana, umwambie asante kwa simu yake. Wabusu watoto. Karani hana salamu, yuko getini anamkagua muuza mkaa. Na Mama, nimemsomea yote hadi hapa. Amenyoosha ule mkono wake mzima anataka bahasha, anasema ataifunga yeye na kumpa jirani aipeleke posta sasa hivi, maana mimi tangu Alhamisi nimeshaandika tatu na zote nimezichana.

Ni mimi mdogo wako,

Kiherehere