Maji ya Akai

Lodwar, Jumanne, Februari 1978

Nimechoka hata kalamu naiona nzito. Bomba la mtaa wetu bado bovu, wiki ya pili sasa, na sisi wanawake tunachimba maji kwenye mchanga wa mto uliokauka.

Leo nilianguka pale kisimani. Nilipozinduka, kichwa changu kilikuwa mapajani mwa Akai, jirani ambaye hatujasalimiana naye tangu mbuzi wake watafune nguo zangu kambani.

"Wewe iko na mimba," alisema. Hakuuliza.

Niliitikia kwa kichwa. Sikuwa nimemwambia mtu, hata mume wangu aliye kazini Kakuma. Mbili za kwanza ziliharibika, na nimechoka kuona watu wakifurahi halafu wakinihurumia.

Alinishika mkono mpaka nyumbani, akarudi mtoni, akaniletea maji. Nikamwomba radhi kwa maneno niliyomtupia siku ile ya mbuzi.

"Hiyo imeisha. Kesho usikuje mto. Maji mimi naleta, mpaka mtoto anazaliwa."

Alisema hivyo kama jambo lisilo na shaka. Mimi bado naogopa. Lakini kesho nitamwandikia baba wa mtoto barua.